Chokaa ya Ijumaa ya Tatu

Niliulizwa swali moja tu.
Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa ndui.
Kadhi alinikalisha dakani kwake,
akanipa halua juu ya jani la mgomba,
bado ina moto.
"Mwanangu, umemsikia akisema nini?"

Nikasema.

Sikuongeza neno. Watu wa Tundani
mpaka leo hudhani niliongeza.
Nilisema Bi Somoe binti Famau
hutusomesha chumba cha ndani, mlango umekomewa:
mimi, mtoto wa ndugu yake,
na wajakazi wawili walioacha mitungi kizingitini, mitupu.
Husoma Alhamdu kwa Kiarabu, sawa na alivyonifunza baba,
kisha hunyamaza,
hupeleka mkono kidakani, nyuma ya sahani ya Kichina,
hutoa karatasi zake za wino wa masizi
na kutupa maana yake
kwa Kiamu.

"Kwa Kiamu?"
Wazee watatu waliacha kutafuna tambuu.
Nami, kwa kutaka sifa, nikawasomea kwa ghibu:

    Mola wa bara na pwani,
    ulo yuu, ulo tini,
    tupotele, tu ndiani,
    tushike, usituate.

Halua ilikuwa imenata kwenye meno.

Siku ya hukumu nilichungulia tunduni.
Mmoja alicheka: "Na Mngu ajua Kiamu?"
Bi Somoe akamjibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni mtaa:
"Mkeo alipokuwa na uchungu wa kuzaa,
mimi ndiye niliyemshika mabega.
Alimwita Mngu usiku kucha.
Hakumwita kwa nahau."

Wakasema ni uzushi.
Wakasema leo atafasiri, kesho atatoa fatwa.
Lakini mimi nilikuwa mdogo, na wadogo husikia ya jikoni:
kosa halikuwa karatasi.
Kosa ni Mejumaa, mteka maji,
aliyetua mtungi mbele ya bibi yake akauliza:
"Kama njia iliyonyoka ni moja,
mbona mimi hupitishwa uani?"

Ijumaa ya kwanza alisimamishwa vidatoni pa msikiti,
mzigo wa kuni za mkoko kichwani,
ili kila atokaye kusali amwone.
Ijumaa ya pili ilinyesha. Hakuteremshwa.
Ya tatu tukamfuata mji mzima hadi kwenye tanuu la chokaa,
pale matumbawe yanapochomwa yakawa unga.
Akaambiwa atupe mwenyewe.
Akatupa. Moja moja, kwa utaratibu,
kama mtu anayemnyonyoa kuku wa wageni.
"Sema umetubu."
"Nimetubu."
Alisema kwa Kiamu. Hakuna aliyemkosoa.

Sasa hili, sijui kama ni mzaha wa Mola au wa fundi Shekuwe:
chokaa ya tanuu lile ndiyo iliyokandwa mwezi uliofuata
kupigia lipu ukuta wa kibla.
Nimesali mbele yake miaka sitini.
Upande wa kushoto hubanduka kila masika;
hupakwa tena, hubanduka tena.
Mwaka jana kipande kilinidondokea begani.
Nikakitia mdomoni, mzee mzima, kabla ya tahiyatu.
Nilitarajia nini?
Chumvi. Mchanga kidogo.

Mejumaa aliuzwa Malindi kabla mwezi haujaandama.
Mtungi wake ulibaki ukipandwa mrehani.

Na Bi Somoe aliishi miaka kumi na mmoja zaidi.
Kila tulipopishana chini ya wikio, njia nyembamba,
bega lake likinigusa, hakuna pa kukwepea,
alinipa salamu kamili kwa Kiarabu,
kila herufi imetoka mahali pake,
rehema na baraka zote ndani,
akapita.
Kiamu hakunisemesha tena.